Nyuma ya maharusi kuna jengo ambalo halipo tena, nitajuaje lilikuwa nini na lilikuwa upande gani?

sanduku_la_mzee

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada, jambo hili limenikaa kichwani mwezi wa pili sasa na nyumbani limeshaleta ubishi.

Baba alifariki mwaka juzi, tulipokuwa tunagawana vitu vyake mimi nikaomba sanduku la picha maana hakuna mwingine aliyelitaka. Ndani kuna picha kama 60 hivi, nyingine zimebandikwa kwenye albamu ya zile kurasa zenye gundi na nailoni juu, na kuna bahasha moja ya negativu. Karibu zote ni watu. Watu wamesimama, watu wamekaa, mtoto kashikwa mkono, msiba, sherehe. Nilikuwa nazipitia haraka haraka nikitafuta sura ninazozijua mpaka nikafika kwenye moja ya harusi ya mama mkubwa, dada yake mama, nyeusi na nyeupe, maharusi wamesimama mtaani, na nyuma yao mkono wa kushoto kuna jengo la ghorofa ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Roshani ya mbao iliyochongwa, madirisha marefu yenye upinde juu, ngazi tatu za mawe za kuingilia. Jengo zuri kabisa. Mtaa huo napita karibu kila siku na hakuna kitu kama hicho, hata kigofu.

Mama anasema ilikuwa shule, alisoma hapo madarasa ya mwanzo, na ilikuwa mkono wa kulia ukitokea stesheni. Mjomba (mdogo wake mama) anakataa katakata, anasema lilikuwa godauni na lilikuwa mkono wa kushoto, "picha si hiyo unaiona?" Wamebishana mpaka mama akainuka akaenda zake chumbani.

Picha haina tarehe, nyuma kuna namba tu ya penseli, 214. Nataka kujua mambo matatu: ilipigwa lini, jengo lilikuwa la nini, na lilikuwa limesimama wapi hasa. Na hizi zilizoganda kwenye albamu nizitoe au niziache? Nilijaribu kuvuta moja kona ikaanza kuchanika nikaacha.

chumba_cha_giza

Umefanya vizuri kuacha, na nakuomba usivute tena. Nimesafisha picha kwa mikono miaka mingi kabla ya dijitali kuingia, na hizo albamu za kurasa za gundi zimeharibu picha nyingi kuliko mchwa. Gundi inazidi kukaza kadiri miaka inavyokwenda na ile nailoni inabana kila kitu ndani. Kama picha haitoki, iskani hapo hapo ilipo, funua nailoni taratibu kama inafunuka, kama haifunuki skani juu yake hivyo hivyo. Ukilazimika kuitoa tumia uzi ule wa kusafishia meno, pitisha chini ya kona na usogeze kama unakata, polepole, usiikunje picha hata kidogo. Ikigoma achana nayo. Usitumie maji, usitumie spiriti, usipashe kwa pasi kama wengine wanavyoshauri.

Hiyo bahasha ya negativu inuse. Sifanyi utani. Ikitoa harufu ya siki ujue ni filamu ya asetati imeanza kuoza, itoe kwenye hiyo bahasha, weka kwenye karatasi inayopumua, mahali pa baridi pakavu, mbali na zile nzima, na uiskani kabla ya vyote maana hiyo haisubiri. Kama ni filamu ya zamani zaidi inaweza kuwa ya naitreti, na hiyo inashika moto kirahisi sana, Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 1951. Isikae karibu na jiko wala taa.

Kuhusu tarehe, anza na karatasi yenyewe kabla hujaangalia kilichopigwa. Picha nyembamba iliyogandishwa kwenye kadi ngumu, rangi ya kahawia inayoelekea manjano, hiyo ni ya ute wa yai, ilianza 1850 na ikatamba mpaka mwisho wa karne ile. Kadi ndogo ya kama sentimita 6 kwa 10 ni mtindo uliosajiliwa Ufaransa na mpigapicha Disdéri mwaka 1854, ile kubwa ya kuweka kabatini ilishika kuanzia 1866. Yako kwa maelezo yako si huko, ni karatasi ya jelatini ya kawaida. Iinamishe kwenye mwanga, kama sehemu nyeusi za pembeni zinang'aa kama fedha au kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji, ni fedha iliyomo kwenye picha imepanda juu kwa uzee. Halafu tafuta ile tochi ya kukagulia noti bandia, umulike gizani. Viwanda vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe kwenye karatasi za picha kuanzia miaka ya 1950, kwa hiyo ikiwaka bluu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Isipowaka haithibitishi kitu, karatasi nyingine hazikutiwa. Na ukiishika ikawa kama ina plastiki, ni ya mwisho wa miaka ya 60 kuja mbele.

Kitu kikubwa ulichonacho ni hiyo 214 na umeitaja kama kitu kidogo! Hiyo ni namba ya daftari la studio. Kila kazi ikiingia tunaandika namba, na namba ile ile inakwenda nyuma ya picha kwa penseli ili mteja akija tumpatie ya kwake. Geuza picha zote 60, andika namba zote kwenye karatasi moja, zenye mwandiko ule ule zipange. Moja tu yenye tukio unalojua tarehe yake itakuvuta nyingine zote.

sanduku_la_mzee

Sikujua kabisa hilo la namba. Ahsante sana mzee wangu, kesho nazigeuza zote.

karani_wa_nyaraka

Naongezea kwa upande wa majengo maana ndiyo kazi yangu ya kila siku, kukaa na picha ambazo hakuna anayejua ni za wapi.

Kwanza ndugu yangu umegundua mwenyewe jambo ambalo wengi hawaligundui, kwamba historia ya mji iko nyuma ya watu. Mpigapicha alikuwa analipwa kwa sura za maharusi, jengo liliingia kwa bahati. Na ndiyo maana picha za familia zina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu majengo makubwa ya serikali yana picha rasmi tele, ila duka la pembeni, godauni, nyumba ya kupanga, karakana, hayo hayakupigwa na mtu kwa makusudi. Yamebaki nyuma ya bega la shangazi wa mtu fulani.

Mahali pachache tu duniani watu waliwahi kukaa wakasema tupige kabla havijaondoka. Paris miaka ya 1860 mji ulimwajiri Charles Marville apige vichochoro vya zamani wakati Haussmann, msimamizi wa kuujenga upya mji, anavibomoa kupisha barabara pana, akaacha picha zaidi ya 400 za mitaa, na mingi kati ya hiyo leo huwezi kuikanyaga. Glasgow walimpa Thomas Annan kazi kama hiyo kati ya 1868 na 1871. London mwaka 1875 kuna nyumba moja ya wageni ya zamani iitwayo Oxford Arms ilikuwa inakwenda kubomolewa, watu wachache wakaunda chama wakalipia ipigwe picha, wakaendelea na majengo mengine mpaka 1886 wakafikisha picha 120. Nyumba haikuokoka. Picha zipo. New York wao kati ya 1939 na 1941 walipiga kila jengo la mji mzima kwa ajili ya kodi, hata kibanda, na kwenye picha kuna mtu au kibao kinachoonyesha namba ya kiwanja. Kodi tu jamani, hakuna aliyewaza historia, na leo ndiyo kumbukumbu kamili kuliko zote.

Warszawa ya Poland nayo. Mji mkongwe uliharibiwa karibu wote kwenye vita ya pili ya dunia, wakaujenga upya wakitumia michoro ya vipimo iliyofanywa na wanafunzi wa usanifu kabla ya vita, picha, na michoro ya rangi ya mchoraji Bellotto ya karne ya 18. Mwaka 1980 ukaingia kwenye urithi wa dunia.

Sasa namna ya kufanya. Usitafute mwaka, tafuta KABLA YA na BAADA YA. Kila kitu kwenye picha kina mwaka wa kuja na mwaka wa kuondoka, wewe unabana kutoka pande mbili. Mfano rahisi kuliko yote ni Beit al-Ajaib ya Zanzibar. Ilijengwa 1883, na mwanzoni mnara wa saa ulisimama peke yake mbele ya majengo upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza wakapiga mizinga, vita haikufika hata saa moja, Beit al-Hukm iliyokuwa pembeni ikavunjika na ule mnara ukaharibika mpaka ukaondolewa. Jengo lenyewe likaongezwa mnara wa saa wake mwaka 1897. Kwa hiyo ukipewa picha yoyote ya ufukweni pale huna haja ya kuuliza mtu: mnara uko chini peke yake, ni kabla ya Agosti 1896. Mnara uko kwenye jengo, ni 1897 kuja huku. Na picha inayoonyesha upande mmoja umeporomoka ni baada ya Desemba 2020. Sekunde 5 umeshamaliza.

Kwako fanya hivyo hivyo na vitu vidogo. Nguzo za umeme zipo? Nyaya ngapi? Kuna antena ya televisheni juu ya paa? Lami au vumbi? Mti ulio pembeni leo una ukubwa gani na kwenye picha una ukubwa gani? Kibao cha duka kimeandikwa nini, namba ya simu ina tarakimu ngapi? Gari ni la aina gani, ingawa gari linakupa tu "baada ya", maana watu wanaendesha gari miaka 30. Kama ni postikadi angalia nyuma, mstari wa kati unaotenganisha ujumbe na anwani uliruhusiwa Uingereza 1902 na Marekani 1907, kabla ya hapo nyuma ilikuwa ya anwani peke yake.

Kisha nenda kwenye ramani. Miji iliyokuwa na kampuni za bima ya moto ina ramani nzuri ajabu, zile za Sanborn za Marekani zinakuambia hadi ukuta umejengwa kwa nini, waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni jiwe. Kama mji wako haukuwa na hizo tafuta ramani za viwanja, daftari za kodi za majengo, na picha za kutoka angani. Picha ya angani hata ikiwa na ukungu itakuonyesha paa na kivuli chake.

jicho_kali

Mbona mnazunguka sana, sa hivi kuna programu za akili bandia unaingiza picha inasafisha yenyewe, kibao kinasomeka, na inatia rangi juu. Dakika moja tu.

karani_wa_nyaraka

@jicho_kali kwa kuweka ukutani sawa, kwa ushahidi hapana kabisa, na hili naomba lisikike vizuri. Ile programu haioni kilichofichika, inakisia. Herufi ambayo kwenye picha ni madoa matatu ya kijivu yenyewe itakuchorea herufi kamili iliyonyooka kwa sababu imeona herufi nyingi, na wewe utaamini. Nimeletewa picha iliyosafishwa hivyo ikiwa na madirisha sita, ya awali ina matano. Baada ya miaka kumi ya kusambazwa kwenye simu hiyo ya madirisha sita ndiyo itakuwa "ukweli". Weka ya awali bila kuigusa, na kila uliyoibadilisha iandike jina kwamba imebadilishwa.

chumba_cha_giza

Na rangi ndiyo kabisa. Sahani za zamani, vile vioo vya kupigia picha kabla ya filamu, hazikuona rangi kama jicho linavyoona, zilikuwa zinakamata buluu vizuri na nyekundu haziioni, kwa hiyo mlango mwekundu unatoka mweusi na mbingu ya buluu inatoka nyeupe tupu. Sahani zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa 1906 na hata baada ya hapo wengi waliendelea na zile za zamani. Sasa mashine itajuaje ule weusi ni mwekundu, kijani, au mweusi kweli?

mpimaji77

Kuhusu "lilikuwa limesimama wapi hasa" hilo linajibika kwa miguu. Chapisha picha kwenye karatasi, nenda nayo mtaani, na utafute vitu viwili ambavyo bado vipo na kwenye picha vinapishana, mfano kona ya ukuta wa karibu na ncha ya mnara wa mbali. Simama, angalia. Ukisogea kushoto kile cha karibu kinaonekana kwenda kulia kwa kasi kuliko cha mbali. Sogea mpaka vipishane sawasawa na kwenye picha, hapo uko kwenye mstari mmoja. Tafuta jozi nyingine ya vitu, upate mstari wa pili. Mistari inapokatana ndipo alipokuwa amesimama mpigapicha, na kwa kawaida unakosea kwa hatua moja au mbili tu. Kimo pia ukikumbuke, kamera nyingi za zamani ulikuwa unazitazama kutoka juu zikiwa usawa wa tumbo, kwa hiyo piga magoti kidogo.

Halafu kivuli. Kama unajua mtaa unaelekea wapi, kivuli cha nguzo kinakuambia saa na karibu msimu. Kuna programu za bure za kuchora njia ya jua kwa tarehe yoyote. Kama kivuli kinakuja kutoka upande ambao jua haliwezi kuwa, kuna kitu hakiko sawa na picha au na mahali unapodhani ni pale.

binti_wa_mji

Mimi sio mtaalam wa picha ila nimewahi kukusanya masimulizi ya wazee, niseme kidogo kuhusu mama na mjomba maana naona kila mtu kaangalia karatasi.

Dada/kaka, usiwakalishe pamoja. Mmoja akisema kwa nguvu mwingine ananyamaza au anabisha kwa hasira, na kote huko unapoteza. Mkalishe kila mtu peke yake, washa kinasa sauti kwenye simu, mwombe ruhusa kwanza. Na usimwonyeshe picha mwanzoni! Picha inafunika kumbukumbu. Muulize mama alikuwa anatokaje nyumbani kwenda shule, anapita kwa nani, jua la asubuhi linampiga wapi, anavuka barabara au havuki, kengele ilikuwa inasikikaje. Mwili unakumbuka njia kuliko akili inavyokumbuka mwaka. Ukimuuliza "hii ilikuwa shule?" atakujibu ndiyo na maongezi yameisha.

Mjomba naye muulize swali moja: hicho anachokumbuka alikiona, au aliambiwa? Kwa upole, asijisikie anaitwa mwongo.

sanduku_la_mzee

Wadau nimerudi, ni wiki ya tatu sasa, samahani kwa ukimya, na nina mengi.

Namba kwanza. Picha 17 zina mwandiko ule ule wa penseli. Ipo 209, ni binamu yangu akiwa mchanga hajaota hata jino, na cheti chake kinasema kazaliwa Machi 1964. Kwa hiyo 214 haiko mbali na hapo. Tochi ya noti nimemulika, imewaka bluu. Mama alikuwa darasa la tatu. Mjomba alikuwa hata hajaanza kutembea.

Nilifanya alivyosema binti_wa_mji. Mama nilimkalisha peke yake jioni bila picha. Akanieleza anatoka nyumbani, anashika njia ya stesheni, jua linampiga shavu la kushoto, anafika shule bila kuvuka barabara. Kengele hakusema ni kengele, alisema ni kipande cha chuma kinaning'inia kwa mnyororo na kinagongwa kwa nondo, na sauti yake hata leo akisikia fundi anagonga bati anageuka. Alicheka, halafu akanyamaza muda mrefu sana, sikumuuliza kitu.

Mjomba nilimuuliza lile swali. Akafikiria. Akasema, "Nyumbani kwa bibi yako picha ile ilikuwa ukutani sebuleni, mimi nimekua naitazama kila siku nikila." Jengo lenyewe kumbe lilibomolewa akiwa bado mdogo mno. Analijua kutoka kwenye picha.

Sasa picha. Niliiskani kwa nukta 1200 kwa inchi nikakaa nayo kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka jicho likauma. Chini ya roshani, pembeni ya mlango, kuna kitu kama mstari mweusi unaning'inia na kipande kinene mwishoni. Hicho ndicho chuma cha mama!! Niliita watu wote wa nyumba waje waone. Na juu kabisa, katikati ya pembe ya paa, kuna kisiki cha boriti kilichokatwa, kimetokeza kama futi moja. Mpimaji au karani mnisaidie hicho ni nini. Na kuna jambo jingine linanisumbua, bwana harusi mfuko wake wa kifuani wenye ua uko upande wa kulia.

chumba_cha_giza

Mfuko wa koti la kifuani unakaa kushoto siku zote. Angalia na vifungo, koti la mwanamume upande wa kushoto unakuja juu ya wa kulia. Kama ni kinyume basi picha yako imegeuzwa, kushoto ni kulia na kulia ni kushoto. Negativu iliwekwa upande usio wake wakati wa kusafisha. Ilitokea mara nyingi tu, usiku, umechoka, taa nyekundu. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, ule uliofifia ndio unatazama karatasi. Kama negativu yake imo kwenye ile bahasha iskani ukiitazama kwa upande wa kung'aa utaiona ilivyo kweli.

Ndiyo maana hata picha za mwanzo kabisa za sahani ya fedha, zile za Daguerre za 1839, nyingi ziko kama kwenye kioo, kushoto kulia. Na kwa kuwa umeshazama kwenye mambo haya, itafute ile yake ya mtaa wa Boulevard du Temple ya 1838. Mtaa wa Paris wenye pilikapilika unaonekana mtupu, kwa sababu kamera ilibidi iache mwanga uingie dakika kadhaa na kila aliyekuwa anatembea akafutika. Amebaki mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu na yule anayemng'arishia. Ukiona picha za zamani sana mitaa mitupu usiseme mji haukuwa na watu.

karani_wa_nyaraka

Kisiki cha boriti kwenye pembe ya paa ni cha kapi. Boriti inatokeza nje, kamba inapita kwenye kapi, magunia yanavutwa mpaka ghorofani. Shule haihitaji hiyo. Jengo lilijengwa kuwa godauni, baadaye likageuzwa shule, na aliyeligeuza akaikata boriti, pengine isije ikaangukia watoto. Angalia pia kama juu, chini ya boriti, kuna dirisha moja refu kuliko mengine linalofika sakafuni. Huo ulikuwa mlango wa mizigo.

sanduku_la_mzee

Dirisha lipo. Lile la katikati ni refu kuliko mengine na nusu ya chini limezibwa kwa mbao, mbao zenyewe hazifanani rangi na nyingine. Nilikuwa nimelitazama mara mia bila kuliona.

Na negativu ipo, niliipata ya tatu kutoka mwisho. Upande wa kung'aa ukinitazama, maharusi wamegeuka, mfuko uko kushoto, na jengo limehamia kulia. Mkono wa kulia ukitokea stesheni. Mama alikuwa sahihi, na mjomba alikuwa anakumbuka vizuri kabisa kitu kilichokosewa na mtu mwingine kabla hajajua kuongea.

Jumamosi tulikwenda wote watatu na karatasi mbili, moja iliyogeuzwa sawasawa. Nilifanya ile ya mpimaji, kona ya ukuta wa kanisa na tangi la maji la reli, vyote bado vipo. Ilinichukua kama nusu saa nikisogea sogea barabarani watu wananishangaa. Nilipopata mahali pake nikanyoosha mkono kuelekea lilipotakiwa kuwa jengo, ikaangukia ukuta wa yadi ya kuoshea magari. Tukaomba kuingia. Kijana wa pale akasema hakuna jengo humu, ila nyuma kuna mawe wanakaa wakila. Tukaenda. Ngazi. Mbili ziko wazi na ya tatu imezama nusu kwenye udongo, zinapanda kwenda mahali ambapo hakuna kitu, majani tu na matairi. Ya juu ina pengo kona ya kulia, limelika kama kipande cha muhogo kilichomegwa. Nikaangalia karatasi. Kona ya kulia, pengo lile lile.

Mama alipanda. Alisimama ya juu akaweka mkono hewani pembeni, pale kilipokuwa kinaning'inia chuma. Mjomba aliuliza, "Hapa ndipo magunia yalipokuwa yanapandishwa?" mama akamwambia hapana, hapo juu, akamwonyesha kwa kidole hewani, na wakaanza kupanga wote wawili mlango ulikuwa wapi, darasa la tatu lilikuwa wapi, roshani iliishia wapi. Niliwarekodi dakika 22.

Bado sijapata mwaka lilipobomolewa. Picha namba 251 ni ya mtaa ule ule na jengo halimo, ila haina tarehe na sura zake hakuna anayezijua. Mama kasema kuna mwenzake wa darasa bado yupo, wiki ijayo tunampelekea. Bila kumwonyesha picha kwanza.